Siku Mama Nyatichi Aliposema Kiitaliano

Kwa miaka ishirini na moja nimekuwa karani wa kupima chai katika kituo chetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Roret. Nimesikia watu wakisema mengi mbele ya mizani. Lakini ni mara moja tu nimeona wakulima thelathini wakinyamaza pamoja, chai yao ikiwa bado haijapimwa na lori la kiwanda likiwa limeshafika. Siku hiyo aliyekuwa akisema ni Esnah Mokeira, na alikuwa akisema Kiitaliano.

Sisi humwita Mama Nyatichi. Alikuja huku akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Kisii, kuchuma chai katika shamba kubwa la kampuni karibu na Kericho. Kwenye nyumba za wafanyakazi mlango wake ulitazamana na wa Aluoch, msichana mwenzake aliyetoka kule ziwani. Walipikia jiko moja, wakateka maji bomba moja, na kabla mwaka haujaisha Esnah alikuwa akiongea Kijaluo bila kujua alianza lini. Baadaye akaolewa na Omariba, fundi wa mashine kiwandani. Wakanunua kipande cha shamba hapa kwetu, wakapanda chai. Aluoch na mumewe wakafuata, wakanunua jirani. Omariba alifariki mtoto wao wa pekee, Nyatichi, akiwa darasa la sita, na tangu hapo mama amechuma chai ile mistari yote peke yake.

Kikipsigis alijifunzia kwenye foleni yangu. Siku za kwanza alikuwa akisikiliza tu, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza mvua ikija. Mwaka wa pili akaanza kujibu. Sasa wazee wetu wakitaniana mbele yake hawezi kupitwa na neno.

Na bado alikuwa na msemo wake mmoja. Ukimpa barua ya kiwanda aisome, anakurudishia. "Soma wewe, karani. Mimi sijui lugha."

Alimaanisha Kiingereza. Kwao shuleni, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kikisii alivalishwa kibao shingoni mpaka jioni, na Esnah alikivaa mara nyingi kuliko wenzake. Alitoka darasa la saba akiamini kwamba lugha ni kitu walichonacho watu wengine, na kwamba hayo anayoongea yeye ni kuongea tu. Hapa kwetu wengi wanaamini hivyo. Hata mimi sikuwahi kuona kasoro yoyote katika kauli hiyo.

Nyatichi alisomea uuguzi, akajifunza Kiitaliano mwaka mzima, akaenda kufanya kazi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Italia. Huko akaolewa na Davide, fundi wa umeme. Mama yake Davide anaitwa Ines. Ni mjane, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha viti, na anaishi ghorofa ya chini ya nyumba yao. Kiingereza hakijui hata kidogo.

Siku ya kwanza wazazi hawa wawili walipoonana kwenye simu, walitabasamu, wakapungiana mikono, wakatabasamu tena. Kila mmoja alikuwa na mambo ya kusema na hakuna hata moja lililopita. Simu ilipokatika, Mama Nyatichi hakufurahi. Akamwambia binti yake, "Nifundishe. Huyo ni mama kama mimi. Tutapungiana mikono mpaka lini, kama watu walio ng'ambo mbili za mto?"

Basi Nyatichi akawa anamtumia ujumbe wa sauti kila Jumapili, sentensi moja au mbili. Alianza na somo alilolipenda yeye mwenyewe alipokuwa darasani. "Mama, kwanza ujue kumuuliza mtu anasema lugha gani, na kumwambia wewe unasema gani. Mkishajua hivyo, mtajua pa kuanzia."

Mama Nyatichi alichuma chai huku kisikio kimoja kiko sikioni na simu iko ndani ya aproni. Kwenye mstari wa pili Aluoch alikuwa akichuma pia, maana siku zingine walisaidiana, na ilimbidi awe Mwitaliano kwa lazima.

"Che lingue parla?" Mama Nyatichi anamuuliza, na inatoka kama ke lingwe parla. Unasema lugha gani?

"Mimi nasema nimechoka," Aluoch anajibu.

"Hapana. Sema, parlo."

Alinieleza yote hayo kituoni, akingoja zamu yake. Io ni mimi, na parlo ni mimi nasema. Mtoto au rafiki unamwambia parli, lakini mtu mzima usiyemzoea unamwambia Lei parla, sawa na kusema yeye anasema, na mwanamke unamwita signora, na jambo hilo lilimpendeza sana. "Kumbe hao watu wana heshima," alisema. Herufi ya p ndiyo iliyomsumbua. Kikisii hakina mazoea nayo, na mara nyingi alisema barlo. Akaniomba nimsikilize kama anasema sawa. Mimi ni Mkipsigis, p na b kwangu ni ndugu wa tumbo moja, sikuweza kumsaidia. Tulicheka mpaka watu wa nyuma wakauliza kama mizani imeharibika.

Alijifunza kusema parlo un po' d'italiano, nasema Kiitaliano kidogo. Alijifunza non capisco, sielewi, na più piano, per favore, pole pole tafadhali. Alijifunza kuuliza come si dice, yaani hiki kinaitwaje. Akajua pia bambina, mtoto wa kike, kwa sababu Nyatichi alikuwa na mimba na daktari alikuwa amewaambia ni msichana. Kisha miguu ya Nyatichi ikaanza kuvimba, presha ikapanda, na masomo yakasimama. Mama yake alikuwa amefika hapo tu. Hakuwa na neno la maji wala la njaa wala la maumivu. Kwa Kiitaliano aliweza kuzungumza kuhusu lugha, basi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, saa tisa na kitu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya upande wa Kericho na kila mtu alitaka kupimiwa kabla ya mvua. Nilikuwa nimetundika gunia la Mama Nyatichi kwenye ndoano ya mizani simu yake ilipolia. Picha ya Nyatichi ikatokea. Akafungua huku anacheka.

Uso uliokuwa kwenye kioo haukuwa wa Nyatichi. Ulikuwa wa Ines, nywele zimemsambaa, nyuma yake ukuta mweupe wa hospitali. Alikuwa akilia na kusema kwa wakati mmoja, maneno yakikimbizana, na jina la Nyatichi likipita ndani yake mara kwa mara.

Sote tuliona mkono wa Mama Nyatichi ukitafuta nguzo ya mizani na kuishika. Aluoch akasogea akasimama nyuma yake.

"Non capisco," Mama Nyatichi akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Signora, non capisco. Più piano, per favore."

Ines akanyamaza ghafla. Akasogeza uso karibu na simu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo hakutegemea kuitwa.

"Lei parla italiano?" akauliza.

"Parlo un po' d'italiano."

P ilikuwa p. Hata mimi niliisikia.

Ines alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akaanza upya, neno moja, anapumzika, neno lingine. "La bambina," akasema, akakunja mikono na kuitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto. "È nata. Piccola, piccola." Akaonyesha kwa vidole jinsi alivyo mdogo. Tulielewa sote. Mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, na yuko hai.

"Nyatichi?" mama yake akauliza.

Ines akaunganisha viganja viwili, akalaza shavu juu yake, akafumba macho.

Sijui kama huko kwao ishara hiyo ina maana moja tu. Hapa kwetu, kwa Kikipsigis, kwa Kikisii, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili pia, mtu mzima aliyekufa husemwa amelala. Nyuma yangu kuna mama aliyevuta pumzi na kuishikilia. Aluoch alikuwa tayari ameweka mikono kichwani. Niliweka kalamu chini.

Mama Nyatichi hakulia. Alikuwa akitazama ule uso wenye macho yaliyofumbwa, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akipekua maneno yake yote, kama mtu anayepekua mifuko akitafuta ufunguo, na hakupata neno la kufa wala la kuishi. Alichopata ni neno alilolisema kila siku kwenye mistari ya chai.

"Nyatichi," akasema, "parla?"

Nyatichi anasema?

Ines akafumbua macho. "Sì," akasema. "Sì, parla. Parla tanto." Ndiyo, anasema, tena sana.

Pumzi ile iliyokuwa imeshikwa nyuma yangu ikatoka. Lakini Mama Nyatichi hakuwa amemaliza. Alikuwa ameona kwamba uso wa Ines bado una hofu. Akauliza swali la somo la kwanza kabisa.

"Che lingue parla?"

Hapo ndipo tulipojua kwa nini simu ile ilipigwa. Ines akatikisa kichwa. Si Kiitaliano, akasema, si Kiingereza. Non capisco. Davide, akasema, yuko kwa mtoto, akaonyesha mbali, mlango mwingine, huko hakuna simu. Madaktari walikuwa wamempasua Nyatichi haraka presha ilipomzidi, na dawa ya usingizi ilipoanza kumtoka, alianza kuongea lugha ambayo hakuna mtu katika hospitali hiyo yote aliyewahi kuisikia. Alilala, akaamka, akaongea, akajaribu kutoka kitandani, wauguzi wakamshika. Mambo haya mengi tuliyapata kwa ukamilifu baadaye, lakini kiini chake tulikiona palepale, kwa mikono na kwa uso.

"Baba," Ines akasema, akimwigiza. "Baba, baba. Sempre baba." Baba tu kila mara.

Akaonyesha juu, mbinguni, akafanya ishara ya msalaba. Davide alikuwa amewahi kumfundisha mama yake maneno mawili matatu ya Kiswahili, na baba lilikuwa mojawapo. Alijua pia kwamba baba yake Nyatichi alikufa zamani.

Kila aliyekuwa pale alisikia kitu kilekile: mgonjwa anamwita Omariba, na Omariba yuko upande ule mwingine. Mzee mmoja alivua kofia.

Mama Nyatichi peke yake ndiye aliyeketi chini, polepole, juu ya gunia la mtu, na kwa mara ya kwanza machozi yakamshuka.

"Ananiita mimi," akatuambia. "Kwa Kikisii, baba ni mama."

Nimeishi na Wakisii maisha yangu yote. Nimewapimia chai, nimekula kwao, nimezika nao. Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo hivyo, kwamba neno lilelile ambalo kwangu ni baba, kwa jirani yangu ni mama yake mzazi. Nililitazama neno hilo kama mtu anayetazama mlango ndani ya ukuta aliouegemea kila siku.

Akamgeukia Ines. "In kisii," akasema, "baba, mamma." Akajigonga kifuani. "Baba, io."

Ines akaweka mkono mdomoni. Kisha akakumbuka jambo. "E amache," akasema. "Baba, amache."

"Maji," Mama Nyatichi akasema. Akatazama huku na huku. Nilikuwa na chupa yangu ya maji juu ya meza, nikampa. Akaifungua, akaimimina chini mbele ya simu, maji yakaingia kwenye vumbi na majani yaliyomwagika. "Come si dice? In italiano, come si dice?"

"Acqua," Ines akasema.

"Amache, acqua."

Ines akageuka, akaita, na sauti yake ilikuwa tofauti kabisa. Tukaona muuguzi akipita, tukaona dari, taa, pembe ya kitanda. Halafu simu ikashushwa na tukamwona Nyatichi.

Alikuwa amevimba uso, macho nusu wazi, kichwa kikigeuka upande huu na ule. Mama yake akashika simu kwa mikono miwili, akaanza kusema naye Kikisii. Hakupaza sauti. Mimi Kikisii nakisikia kwa vipande, lakini sikuhitaji kutafsiriwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto aliyeota vibaya. Muuguzi aliweka kitambaa kibichi kwenye midomo ya Nyatichi, na kichwa kile kikaacha kugeuka.

Akajibu kwa Kikisii, maneno machache. Mama akasema tena. Kisha Nyatichi akafungua macho vizuri na kusema kwa Kiswahili, "Mama, mtoto yuko wapi?" Na kabla hajajibiwa akageuka, akamwona Ines amesimama pale, akamwambia kitu kwa Kiitaliano, na Ines akainama akambusu paji la uso. Lugha zake zilikuwa zikirudi moja moja, kama ng'ombe wanavyorudi zizini jioni, yule aliyezaliwa pale akitangulia.

Dereva wa lori alikuwa amezima injini. Sijui alizima saa ngapi. Mvua ilikuwa imeanza na hakuna aliyehangaika kufunika chai.

Nyatichi alipolala usingizi wa kawaida, Ines alitoka na simu hadi kwenye korido. Wakatazamana, mama kwa mama. Ines ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa heshima, kama mtu anayemuuliza mwalimu.

"Signora Esnah, che lingue parla?"

Mama Nyatichi aliinua mkono ule mwingine, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai, akaanza kuhesabu. "Parlo kisii. Parlo swahili." Akamtazama Aluoch. "Parlo luo." Akanitazama mimi. "Parlo kipsigis." Akafika kwenye kidole gumba, akasita, akakikunja nacho. "E un po' d'italiano."

"Cinque," Ines akasema. Akainua mkono wake wazi. "Cinque lingue." Akabaki ameuinua hivyo kwa muda.

Nilikuwa nimesimama karibu, na niliona Mama Nyatichi akiutazama mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Serikali ilikuwa imemuuliza kabila, kanisa dhehebu, kiwanda namba ya mkulima. Mwanamke huyu alikuwa amebeba watu wanne kinywani mwake maisha yake yote, na mimi niliyemuona kila siku nilikuwa nikimsomea barua na kumhurumia.

"E Lei?" akauliza, maana ndivyo somo lilivyosema, ukiulizwa nawe uulize.

Ines akajigusa kifuani. "Italiano," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "E friulano. La lingua di mia mamma." Lugha ya mama yake.

"Hata yeye ana ya kwao," Mama Nyatichi akatuambia.

Nilipima gunia lake. Ilibidi nisome mshale mara mbili.

Mtoto alikaa wiki tano kwenye sanduku la kioo lenye joto, akanenepa, akaenda nyumbani. Wakampa jina la nyanya yake wa Roret, Mokeira. Nyatichi alipona, ingawa hakumbuki lolote la siku ile, na mama yake alipomsimulia alidhani ametia chumvi mpaka Aluoch akaapa.

Agosti ya mwaka uliofuata walikuja wote wanne. Ines alikaa wiki tatu. Alinunuliwa gambuti, akaingia shambani, akachuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu wa mtu anayeshona, kikapu chake kikajaa saa nane mchana wakati wenzake wamejaza mara tatu. Mchana wao wawili walikaa barazani, bakuli la maharagwe katikati, na ukipita njiani ulisikia sauti zao hazikatiki.

Jumapili ya mwisho kanisani mgeni akaombwa asalimie. Ines akasimama, Mama Nyatichi akasimama kando yake. Akasema kwa muda mrefu, bila karatasi, mikono ikitembea. Davide alikuwa ameketi karibu yangu, ananyoosha shingo, amekunja uso. Akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba hiyo ni friulano, na kwamba yeye mwenyewe haelewi nusu, mama yake hakuwahi kuisema nyumbani.

Mama Nyatichi alitafsiri bila kusita. "Anasema mama yake alikuwa anachunga ng'ombe kwenye milima kama hii yetu. Anasema alikufa bila kuona mlima mwingine. Anasema leo amemletea salamu."

Nje, tukisalimiana, nilimvuta pembeni. Nilitaka kujua. "Mama Nyatichi, ile umetafsiri, uliisikia kweli?"

"Yote aliniambia jana tukichambua maharagwe."

"Kwa lugha gani?"

Akafikiri, akakunja paji la uso, akamtazama Ines aliyekuwa amembeba mtoto katikati ya akina mama.

"Sikumbuki," akasema.